Aliyewajua dagaa alinyamaza: uzi kwa wanafunzi wa vyuo Mwanza kuhusu kazi za kundi

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Watakaosoma asubuhi, mwangaluka.

Kila mwaka kazini kwetu tunapokea wanafunzi wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo. Ni vijana wenye akili, na kwa mambo ya kompyuta wengi wananizidi. Lakini wape wanne kazi moja: haipiti wiki utasikia huyu hapokei simu ya yule, yule kamaliza sehemu yake na hataki kujua ya mwenzake, na mmoja yuko pembeni, tangu Jumatatu hajafungua mdomo. Jana nimeyaona tena. Nikakumbuka yaliyonipata mimi, nikaona niyaandike. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Mwaka 2016 nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa jijini. Tulipangwa watu sita, tukapewa kazi ya kufuatilia biashara ya dagaa tangu wanapovuliwa mpaka wanapouzwa, kisha tuiwasilishe mbele ya darasa. Tukafanya kama wanavyofanya wengi. Tulikutana dakika kumi chini ya mwembe, tukagawana vipande, tukafungua grupu la WhatsApp, tukatawanyika. Huyu uvuvi, huyu ukaushaji, huyu bei, huyu usafirishaji, na kadhalika. Mimi nilichukua utangulizi na hitimisho.

Kati yetu alikuwemo dada mmoja mpole, mzaliwa wa Igombe. Tulimpa kipande cha mwisho kilichobaki, orodha ya vyombo vya uvuvi, kwa sababu hakuomba chochote. Kila tulipokutana alikaa mwisho wa benchi akisikiliza. Siku moja akaanza, "Lakini dagaa wa wiki hii..." Nikamkata. Ni mimi niliyemkata, nakumbuka mpaka leo, nilikuwa na haraka ya kuwahi daladala ya Igoma. Siku nyingine akaanza kwa Kiingereza, neno likamgomea, na mwenzetu mwepesi wa Kiingereza akammalizia sentensi kwa jambo tofauti kabisa na alilotaka kusema. Akaitikia "sawa". Hakujaribu tena.

Aliyepewa bei alikwenda soko la Mwaloni Kirumba siku tatu mfululizo. Alifanya kazi ya uaminifu, aliuliza wauzaji wengi, akaandika kila kitu. Tatizo ni kwamba siku zile tatu zilikuwa za mbalamwezi. Aliyekulia kando ya ziwa ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, wavu ukawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haina la kufanya, na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Dagaa huadimika, bei hupanda. Sisi tukachukua bei ya siku za uhaba, tukaifanya ya mwezi mzima, kisha tukapiga hesabu ya faida ya mwaka.

Juu ya hilo, wa ukaushaji aliandika kwa beseni la dagaa wabichi, wa bei akaandika kwa kilo ya wakavu. Dagaa akikauka hupoteza uzito mwingi, kwa hiyo namba zile hazikuwa zikizungumza kitu kimoja. Hakuna aliyeona, maana hakuna aliyesoma cha mwenzake. Tuliviunganisha vipande saa tisa usiku wa kuamkia siku yenyewe, macho mekundu, chipsi zimepoa mezani, makopo ya enaji yamezagaa sakafuni.

Asubuhi mhadhiri alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: faida hii ni ya dagaa wabichi au wakavu? Tukatazamana. Akamgeukia yule dada, pengine kwa kuwa alikuwa wa mwisho kwenye mstari, akamwambia aeleze anavyojua, kwa lugha yoyote. Dada akaeleza kwa Kiswahili, taratibu, bila karatasi. Akasema habari za giza na mbalamwezi. Akasema wakati wa masika jua likikosekana dagaa huoza juu ya mchanga, na mama yake huwauza kwa bei ya chakula cha kuku. Akaeleza kwa nini waliokaushwa juu ya vichanja hupata bei nzuri kuliko wa mchangani. Dakika tano tu, na darasa zima lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini.

Alama zetu zilikuwa mbaya. Baadaye nilimfuata nje nikamuuliza kwa nini hakutuambia mapema. Alinijibu bila hasira: "Nilisema mara mbili, kaka."

Neno hilo sijaliacha. Tulikuwa na mjuzi ndani ya kundi, amekulia kwenye vichanja vya dagaa, nasi tukaenda kutafuta ujuzi sokoni kwa nauli. Naomba tujadili: kwa nini hutokea hivi, na wewe ulioko chuoni sasa unafanyaje?

Mchangiaji kutoka Nyakato

Asante kwa uzi, mkuu. Nimekaa kwenye kundi la namna hiyo, na huyo wa mwisho wa benchi nilikuwa mimi. Sikukosa la kusema. Nilikosa pa kuingilia. Wenzangu waliongea kama gari lililokatika breki, na nyumbani kwetu mtoto hamkatizi mtu anayezungumza. Unangoja amalize. Sasa chuoni hakuna anayemaliza.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Kaka shikamoo. Mimi nimeteuliwa kiongozi wa kundi wiki hii, tuko saba, na tuna mmoja wa hivyo hivyo. Nikimuuliza mbele za watu anaona aibu, nikimwacha ananyamaza. Nifanyeje? Halafu kuna mwingine hajibu kabisa kwenye grupu, anasoma ujumbe na kupita. Wenzangu wanataka tulitoe jina lake.

Mleta mada

Marahaba mdogo wangu. Nianze na huyo wa pili, maana jina likishatolewa huwa vigumu kulirudisha.

Kabla ya kumtoa, mfuate kwa miguu au mpigie simu. Usimwandikie. Na ukimpata, usianze na tabia yake, anza na jambo lenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya "wewe hujali" na "nilitarajia sehemu yako Jumatano, haijanifikia, umekwama wapi?" Ukimwambia hajali, atajitetea. Ukimuuliza alipokwama, mara nyingi atakuonyesha. Sisi tuliwahi kumwita mvivu mwenzetu wa Sengerema kwa sababu alikosa vikao vya Jumatatu asubuhi. Kumbe kila mwisho wa wiki alikwenda kumsaidia baba yake mgonjwa, na kurudi kwake kulitegemea foleni ya kivuko pale Kigongo. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, unavuka kwa dakika chache. Wakati ule mtu angeweza kukaa saa nzima na zaidi akilitazama ziwa. Kikao kingehamia Jumatatu jioni tatizo lingekwisha, ila hakuna aliyemuuliza.

Sasa huyo mpole. Usimchomoe peke yake ukamwambia "na wewe sema". Fanya mzunguko: kila mtu aseme kabla ya yeyote kusema mara ya pili, na mzunguko usianzie kwa waongeaji. Dakika moja au mbili kwa kila mtu zinatosha. Mtu akijua zamu yake inakuja, hahitaji kupigania mlango. Akimaliza, mmoja arudie alichosikia: "Umesema bei ya wiki hii si ya kawaida, nimekupata sawasawa?" Hapo ndipo sisi tulipoangukia. Lile "lakini" la yule dada lingepata mtu wa kulirudia tu, tungeiokoa kazi nzima.

Jingine ni hili neno "sawa". Kwetu Usukumani, na nadhani kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa, "sawa" inaweza kuwa heshima tu. Mtu anakuonyesha kuwa amekusikia na hataki ugomvi. Si kwamba amekubali. Kidole gumba kwenye grupu ndiyo kabisa. Ukitaka kujua kama mtu amekubali, mwombe aseme kwa maneno yake atafanya nini na lini.

Ongezeni kitu kimoja ambacho hakigharimu hata shilingi: siku ya tatu au ya nne, badilishaneni vipande. Kila mtu asome cha mwenzake na aandike maswali mawili. Habari za beseni na kilo zingeonekana siku hiyo hiyo.

Mchangiaji, mhadhiri mstaafu

Nimeufuata uzi huu kwa makini. Naongezea kwa yale niliyoyaona darasani miaka mingi, na kuna mahali nataka kuwaonya.

Watoto wetu husoma msingi kwa Kiswahili, wakifika sekondari masomo yanageuka Kiingereza. Wapo wanaovuka vizuri, na wapo wanaofika chuo kikuu wakiwa bado wanafikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine. Katika kundi, mwenye Kiingereza chepesi huonekana ndiye mwenye akili, hata kama anachosema ni chepesi vilevile. Nimeona makundi mengi yakiongozwa na ulimi badala ya ujuzi.

Onyo langu: msikimbie Kiingereza. Mtihani umeandikwa kwa hicho, na ripoti pia. Mkijadili kila kitu kwa Kiswahili halafu mkampa yule mmoja aandike na kuwasilisha peke yake, mmemwonea yeye na mmejinyima wenyewe.

Mleta mada

Mzee wangu shikamoo, na asante. Umenigusa penyewe, maana ndivyo nilivyofanya mwaka uliofuata na halikuwa jambo la haki kwa huyo mwandishi wetu.

Tulikuja kupata njia iliyotusaidia. Mawazo tuliyachambua kwa Kiswahili mpaka kila mtu aelewe, hata kwa Kisukuma pale ilipolazimu. Kisha kila mmoja aliandika sehemu yake kwa Kiingereza mwenyewe, hata kama ni kibovu, na mwenye uwezo alikaa naye kurekebisha akiwa pembeni yake. Siku moja kabla ya kuwasilisha tulifanya mazoezi kwa sauti kwenye darasa tupu, mara mbili. Yule dada wa Igombe tuliendelea naye hadi mwaka wa tatu. Mwaka huo aliwasilisha sehemu ya matokeo kwa Kiingereza, akasimama imara, akajibu maswali matatu.

Na kwa kuwa mzee ametaja kuongozwa na ulimi: babu yangu wa Magu alikuwa akinisimulia kulima kwa kundi zamani. Leo ngoma ya bugobogobo tunaiona kwenye makumbusho ya Bujora pale Kisesa, vijana wakirusha majembe hewani, watalii wakipiga picha. Asili yake ni shambani. Vijana walikuwa na umoja wao wa kulima, wenye mkubwa wao aliyeitwa nsumba ntale, na ngoma iliwapa mwendo ili majembe yapande na kushuka pamoja. Nilimuuliza babu, mwenye nguvu akitaka kwenda mbio je? Akasema mpiga ngoma alikuwa akimtazama wa nyuma. Mwendo uliwekwa kwa yule, ukaongezwa polepole, na jioni shamba lilikuwa limekwisha na hakuna aliyeachwa kwenye tuta.

Makundi yetu ya chuo hayana mpiga ngoma. Tunaye kiongozi wa kukusanya vipande tu.

Mchangiaji kutoka Buhongwa

Mkuu, naheshimu maneno yako, lakini usiwapambe watu. Wapo wategaji. Mtu mzima, hana mgonjwa, hana shida ya lugha, anategea kwa sababu anajua jina litawekwa. Nimebeba watu wa hivyo miaka mitatu. Mzunguko na upole haviwasaidii.

Mleta mada

Wapo, sikatai, na kuwabeba kunaumiza. Kwa hao nashauri maandishi tangu siku ya kwanza: karatasi moja yenye jina, kazi na tarehe, wote mnaweka sahihi. Ukifika kwa mhadhiri na karatasi hiyo, humsemi mtu, unaonyesha mlichokubaliana. Mhadhiri hana namna ya kupima hasira yako, lakini tarehe anaisoma. Na mfuateni mapema, wiki ya kwanza. Mkisubiri usiku wa mwisho mtakuwa mmeamua kumbeba.

Ila hakikisheni kwanza. Nimeona watu wakiitwa wategaji ambao miili yao ilikuwa imechoka. Kuna muuguzi hapa jukwaani niliyezungumza naye juu ya hili, nimemwomba apite.

Mchangiaji, muuguzi wa zahanati

Habari zenu wapendwa. Nimeitwa nami nimekuja. Zahanati yangu iko karibu na hosteli za wanafunzi, kwa hiyo haya nayaona kila muhula.

Karibu na mitihani hunijia na kichwa kinachogonga, kiungulia, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio. Namuuliza umelala kwa muda wa saa ngapi, ananiambia saa tatu tu. Umekula nini? Chai na enaji. Wanangu, mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na katika usingizi huo ndipo ubongo unapoyapanga mliyosoma mchana. Anayepiga msuli usiku kucha anamwaga maji kwenye gunia. Kafeini nayo haiondoki upesi: huchukua kama saa tano kwa wastani kupungua nusu. Ukinywa enaji saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado imo mwilini, na ndiyo maana unageuka kitandani huku umechoka. Na mtu asiyelala hukosa subira, neno dogo la mwenzake analiona tusi. Ugomvi mwingi wa makundi mnaosimulia hapa naamini ungetibika kwa kulala.

Chakula sitasema mengi. Mko Mwanza. Dagaa mnawaruka mkifuata chipsi, wakati dagaa analiwa mzima na mifupa yake, ana protini, ana madini ya kujenga mifupa. Changeni wanne watano, pikeni ugali, dagaa na mchicha au mlenda. Asubuhi matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga yanakaa tumboni kuliko andazi. Kula pamoja pia kunawafanya mzungumze bila ajenda, na hapo mpole huongea.

Ninalotaka kulikazia ni kichocho. Mitihani ikiisha wanafunzi hushuka ziwani kuoga na kuogelea, wengine hufulia huko maji ya bomba yakikatika. Kichocho cha ziwa letu ni cha tumbo. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembezoni hutoa viluwiluwi vya minyoo, hasa jua likiwa kali mchana, navyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Si lazima uwe na kidonda, na hutasikia maumivu ya maana. Baada ya muda mtu anaanza kuchoka, tumbo linauma, anaharisha, pengine anaona damu kwenye choo. Ukiachwa miaka, ugonjwa huu huharibu ini. Sasa fikirini: kijana amechoka mwezi mzima, anasinzia kwenye kikao, mnamwandika mtegaji.

Kama umekuwa ukiingia ziwani, nenda kituo cha afya upime choo. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, hupimwa kulingana na uzito au urefu wako, na inatibu. Lakini haikukingi na maambukizi mapya, ukirudi kwenye maji yale yale utaambukizwa tena. Maji ya ziwa ya kuogea yakikaa kwenye pipa siku mbili bila konokono, vile viluwiluwi hufa. Ya kunywa chemsheni, kwa sababu homa ya matumbo haijatuacha.

Mchangiaji kutoka Nyakato

Dada muuguzi, ahsante sana. Mimi huoga ziwani tangu utoto na nimekuwa nikiharisha mara kwa mara nikidhani ni chakula cha mama ntilie. Kesho naenda kupima.

Mchangiaji, muuguzi wa zahanati

Nenda, na uwaambie kabisa kuwa unaoga ziwani, usisubiri waulize. Hata hapo kuna kujieleza: mgonjwa anayesema "naumwa tu" hunipa kazi ngumu. Sema lini ilianza, mara ngapi kwa siku, na umeshameza dawa gani.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Nimerudi kuleta taarifa. Leo tumekutana saa kumi jioni. Nimefanya mzunguko kama kaka alivyosema, nikaanzia upande wa yule mpole bila kumtaja. Kazi yetu inahusu taka za plastiki sokoni, na kumbe mjomba wake hununua chupa tupu mtaani, yeye mwenyewe amewahi kuzipima kwenye mzani likizo nzima. Ametuambia chupa za maji na madumu haviuzwi bei moja, na sisi tulikuwa tumeviweka pamoja. Ukurasa wa nne wote tunauandika upya.

Yule asiyejibu nimemfuata chumbani kwake. Simu yake imepasuka kioo tangu wiki mbili zilizopita, anaona nusu ya ujumbe, na aliona haya kusema. Jina halitoki. Tumekubaliana nitakuwa nampigia.

Karatasi ya majina na tarehe tumeisaini wote saba. Tunakutana tena Jumamosi saa tatu asubuhi kubadilishana vipande, baadaye tunapika, nimepewa kununua dagaa. Kaka, kwa wiki hii ni giza au mbalamwezi?

Mleta mada

Giza, mdogo wangu. Pita Mwaloni mapema, na uchague waliokaushwa juu ya kichanja.